Watu Laki Tano Kwenye Ramani ya Miraba 120

Nimepotea kidogo. Nilikuwa nyumbani Sigowet kwa likizo ya wiki tatu, na wanaoijua Kericho wanaijua mvua ya kule. Ikifika saa nane mchana inaanza kupiga mabati, na huna tena la kufanya ila kukaa ndani. Basi nilikaa ndani nikajenga jiji. Lilipofika watu 502,340 nilipiga kelele mpaka mama akaja mbio kutoka jikoni akidhani nimeona nyoka.

Jiji lenyewe ni la SimCity, ule mchezo wa kwanza kabisa wa 1989, si hii ya baadaye yenye picha za kuvutia. Nikiwa najenga nilifungua pia msimbo wake nikawa nausoma usiku, maana hiyo ndiyo kazi inayonilisha. Humo nimekuta jambo kuhusu Kericho na Nairobi ambalo sikutarajia kulikuta ndani ya mchezo uliotungwa California. Ndiyo maana nimerudi kuandika. Ni ndefu, kwa hiyo wekeni chai karibu :-)

Niliujua mchezo huu mwaka 2009, nikiwa na miaka 12. Pale senta kulikuwa na kibanda cha kuchaji simu na kuchapa barua za kuomba kazi. Mwenyewe alikuwa na kompyuta moja ya Windows 98, na asipokuwa na mteja alituruhusu sisi watoto kuitumia kwa shilingi moja kwa dakika. Pesa nilizipata kwa kumsaidia mama kuchuma majani ya chai, kwa hiyo kila dakika niliyocheza nilikuwa nimeibeba kwanza mgongoni ndani ya kapu hadi kituo cha kununulia chai.

Kwa wasioujua: mchezo hauna adui wa kupiga. Unapewa ardhi tupu yenye mito na miti, na pesa kidogo. Unapima ploti za aina tatu, yaani za makazi, za biashara na za viwanda. Unaweka stesheni ya umeme, unavuta nyaya, unachora barabara au reli. Nyumba huzijengi wewe. Unangoja watu waje, nao wakipaona pazuri wanajenga wenyewe. Unaanza na kijiji. Ukivuka watu 2,000 unakuwa mji, halafu vyeo vinapanda kwa 10,000, 50,000 na 100,000, na ukivuka 500,000 unapewa cheo cha mwisho kabisa, Megalopolis.

Mimi sikuwahi kufika mbali. Kila jiji langu lilikua vizuri, kisha nyumba zikagoma kuongezeka. Juu ya skrini ulitokea ujumbe kwamba wakazi wanadai uwanja wa michezo. Kiingereza cha darasa la sita kilitosha kuuelewa, lakini niliudharau. Uwanja wa nini, na watu hawana barabara? Sisi tulicheza mpira malishoni, ng'ombe wakihamishwa kwanza. Nikawa natumia pesa kwa vituo vya polisi. Halafu stima inapotea kabla sijahifadhi kazi, na shilingi zangu zimekwenda.

Miaka 16 baadaye nimeuona mstari wenyewe kwenye msimbo. Hesabu ya ndani ya makazi ikipita 500 na hakuna uwanja, hamu ya watu kuhamia inafutwa na kuwa sifuri. Hata ukipunguza kodi haisaidii. Viwanda navyo vinagoma vikipita 70 bila bandari, na biashara zinagoma zikipita 100 bila uwanja wa ndege. Mistari mitatu tu hiyo, na utoto wangu wote ulikwama kwenye wa kwanza.

Sasa historia yenyewe. Mtungaji ni Mmarekani Will Wright. Mwaka 1984 alitoa mchezo wa vita uitwao Raid on Bungeling Bay, wa kompyuta ya Commodore 64, ambapo unarusha helikopta na kulipua visiwa. Ili atengeneze visiwa hivyo ilibidi kwanza aandike programu ndogo ya kuchorea ramani, na akagundua kwamba kuchora barabara na majengo kunamfurahisha kuliko kuyalipua. (Waandishi wa programu mtamwelewa. Mara ngapi kifaa ulichojiundia kwa ajili ya kazi kimekuwa kitamu kuliko kazi yenyewe?) Akaanza kuongeza magari, kisha watu. Kampuni iliyokuwa ikimchapishia michezo haikuvutiwa na mchezo usio na mshindi wala mshindwa, kwa hiyo mwaka 1987 akaanzisha kampuni ya Maxis pamoja na Jeff Braun, na mwaka 1989 SimCity ikatoka.

Hesabu za jiji hakuzitoa hewani. Alisoma kitabu cha Jay Forrester, *Urban Dynamics*, cha mwaka 1969. Forrester huyu alikuwa mhandisi wa MIT, mmoja wa waliobuni kumbukumbu ya sumaku iliyotumika kwenye kompyuta kwa miaka mingi kabla ya chipu. Baadaye aliacha mashine akageukia miji. Akisaidiwa na John Collins, aliyekuwa meya wa Boston, aliliandika jiji zima kama mfumo wa hesabu: watu, nyumba na kazi, kila kimoja kikivuta kingine, halafu akaiacha kompyuta iendeshe miaka mingi mbele. Alipingwa sana, maana miongoni mwa aliyoyatoa humo ni kwamba kuwajengea maskini nyumba kunalizidishia jiji umaskini. Wright alichukua njia ya kufikiri, akairahisisha, akaiweka juu ya ramani ya miraba.

Januari 2008 msimbo wa mchezo huu ulitolewa kuwa programu huria chini ya leseni ya GPL, kwa ajili ya mradi wa kompyuta moja kwa kila mtoto, zile laptopu ndogo za kijani na nyeupe ambazo Rwanda ilizigawa kwa wingi mashuleni. Jina la SimCity lilibaki kuwa mali ya kampuni, kwa hiyo toleo huria linaitwa Micropolis, jina ambalo Wright mwenyewe alilitumia mwanzoni. Limeandikwa kwa lugha ya C na mtu wa kawaida anaweza kulisoma.

Tuanze na idadi ya watu, maana ndiyo niliyokuwa nikiifukuzia. Hawa watu wanahesabiwaje? Nilidhani kila mmoja yumo mahali fulani kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Hayumo. Kuna mstari mmoja tu: chukua hesabu ya makazi, ongeza hesabu ya biashara mara 8, ongeza hesabu ya viwanda mara 8, kisha zidisha yote kwa 20. Basi. Ploti ya makazi iliyojaa ghorofa inakupa watu 800. Ploti ya biashara iliyojaa maofisi, ambako hakuna hata mtu mmoja anayelala, nayo inakupa 800. Kiwanda kikubwa kinakupa 640. Kijumba kimoja kidogo ni watu 20, jambo ambalo kogo yangu angelikubali, maana nyumba yake wakati wa Krismasi hufika hapo.

Ramani ni miraba 120 kwa 100, na ploti moja ni miraba 3 kwa 3. Kwa hiyo hata ukiijaza ramani yote bila reli, bila umeme, bila mto, zinaingia ploti 1,320, yaani watu 1,056,000. Zaidi ya hapo hakuna nafasi. Nilipopata jibu hilo nikafungua takwimu za sensa za Kenya kwa udadisi tu. Sensa ya Agosti 1989, mwaka ule ule mchezo ulipotoka, ilihesabu watu 1,324,570 Nairobi. Nairobi ilikuwa tayari haienei kwenye ramani ya Wright! Na cheo cha Megalopolis iliishakipata kitambo, kwenye sensa ya 1969, ilipokuwa na watu 509,286. Mwaka 2019 ilifika 4,397,073.

Nairobi yenyewe ilianza kama wengi tunavyoanza mchezo huu: reli kwanza, juu ya uwanda wa majimaji, mwaka 1899. Lakini ilijaaje? Hapa ndipo nilipokuta kile nilichowaahidi. Ndani ya msimbo, kuhama kwa watu ni mistari miwili, nami nawaandikia kwa Kiswahili:

wahamiaji = wakazi × (ajira − 1)
watoto = wakazi × 0.02

Ajira ni kazi zilizopo, yaani biashara na viwanda, zikigawanywa kwa wakazi. Kazi na wakazi wakilingana, ajira ni 1 na hakuna mhamiaji. Kazi zikizidi kwa asilimia 20, watu wanakuja. Zikipungua, wanafungasha na kuondoka, na hakuna anayeuliza wameenda wapi. Kodi nayo ina jedwali lake. Katika kiwango rahisi, kodi ya asilimia 7 haivuti wala haifukuzi, chini ya hapo unavutia watu, juu yake unawafukuza. Lakini injini ni ajira.

Nilisoma mistari hiyo nikacheka peke yangu, kwa sababu mimi nilihamia Nairobi mwaka 2019, shahada ya kompyuta mkononi, ajira ikiwa chini kabisa ya 1. Niliishi kwa binamu Githurai miezi kumi na moja bila kazi. Kwa hesabu za Wright, nilitakiwa nisije. Nilikuja, na matatu niliyopanda ilijaa watu kama mimi.

Walioeleza kwa nini tunakuja waliyaona hayo hayo hapa kwetu. John Harris na Michael Todaro ni wanauchumi wawili waliofanya kazi katika chuo kikuu cha Nairobi miaka ya 1960. Wakati wa ukoloni kuhama hakukuwa huru. Mwanamume Mwafrika alitembea na kipande shingoni na kuulizwa anafanya nini mjini. Uhuru ulipokuja njia ikafunguka, na Nairobi ikajaa watafuta kazi. Mwaka 1964 serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi walifanya mapatano ya pande tatu: waajiri waongeze wafanyakazi kwa asilimia 10 hadi 15, na vyama visidai nyongeza ya mishahara. Kwa mtu aliyecheza SimCity ni hatua sahihi kabisa. Ongeza kazi, tatizo liishe. Habari zilipofika mashambani kwamba Nairobi wanaandika watu, waliokuja walikuwa wengi kuliko nafasi, na foleni ya wasio na kazi haikupungua.

Harris na Todaro walichapisha maelezo yao mwaka 1970, na hadi leo wanafunzi wa uchumi duniani kote wanayasoma. Wanasema mtu hahesabu kazi zilizopo. Anahesabu mshahara wa mjini mara bahati ya kuupata, kisha analinganisha na anachopata shambani. Mfano wangu mwenyewe: shamba linakupa shilingi 10,000 kwa mwezi, mjini wanalipa 40,000, na katika kila watu watatu mmoja ndiye anayepata kazi. Bahati yako ni shilingi 13,000 na kitu. Unapanda matatu. Ukiongeza kazi mjini, bahati inapanda, na wa nne na wa tano nao wanapanda matatu. Kwa njia hiyo unaweza kuongeza kazi na ukaongeza pia wasio na kazi.

Nilijaribu kuingiza hesabu hiyo kwenye Micropolis, nikibadilisha ule mstari mmoja. Jiji lilijaa watu upesi sana, halafu likakaa hivyo hivyo, makazi yamejaa na viwanda haviwatoshi, na hakuna anayeondoka. Sijui kama ni mchezo mzuri. Lilifanana sana na Githurai.

Basi kanuni ya Wright ni ya mahali gani? Nilikuwa nimesimama mlangoni mvua ikipungua, nikijiuliza hivyo, na jibu lilikuwa kilomita chache tu upande wa Kericho. Ni mashamba makubwa ya chai. Makampuni ya Kiingereza yalianza kupanda huko miaka ya 1920, kwenye ardhi ambayo serikali ya kikoloni iliwanyang'anya Wakipsigis. Mpimaji alipima, barabara zikafika, kampuni ikajenga vijiji vya wafanyakazi kwa safu, nyumba zinazofanana, pamoja na zahanati, shule, kiwanja cha mpira, hata umeme wake yenyewe wa maji ya mito. Watu walikuja kutoka Kisii, Nyanza na Magharibi kwa kiasi cha kazi iliyokuwepo. Kazi ikiisha, nyumba inaisha siku hiyo hiyo. Watu = kazi. Ukitoa makabila na majina, ni msimbo ule ule.

Baba mdogo alikaa kwenye kijiji kama hicho miaka 22. Watoto wake wanne wamezaliwa humo, na huku Sigowet walikuja kama wageni. Mashine za kuchuma chai zilipoingia, mashine moja ikawa inafanya kazi ya watu wengi, na yeye akapewa barua na siku za kuhesabu. Simtaji mwajiri, si lengo langu. Mei 2023, waandamanaji walipochoma mashine za kuchuma chai huko Kericho, baba mdogo hakwenda. Alikaa kwenye kiti chake akasikiliza redio. Kwenye mchezo angekuwa ametolewa kwenye hesabu tu, wahamiaji −1. Hapa kwetu alirudi na mke, watoto, meza na kabati juu ya lori, na babu akamkatia kipande cha shamba.

Mlinidai njia ya kufikia laki tano, nimechelewa kuieleza. Nilitumia reli tupu bila barabara hata moja, kwa sababu msimbo haupimi msongamano kwenye reli, na pasipo msongamano hakuna moshi wa magari. Viwanda niliviweka ukingoni mwa ramani ili nusu ya uchafu wake umwagike nje, mahali ambapo mchezo hauhesabu. Makazi niliyasukuma karibu na katikati ya jiji na karibu na maji, maana thamani ya ardhi inatokana na umbali huo, ikipunguzwa na uchafu na uhalifu. Na uwanja wa michezo niliujenga mapema sana :-) Wapo waliokwenda mbali zaidi kwenye matoleo ya baadaye. Mwaka 2010 Vincent Ocasla, mwanafunzi wa usanifu majengo wa Ufilipino, alionyesha jiji lake la SimCity 3000 liitwalo Magnasanti, lenye watu milioni 6, lisilo na barabara, kila mtaa nakala ya mwingine. Alilipanga kwa miaka na madaftari ya hesabu, na alitaka watu waone jinsi linavyotisha.

Nililionyesha la kwangu kwa baba jioni ile. Alivaa miwani, akasogea karibu na skrini, akaangalia muda mrefu reli na ghorofa.

"Hawa ni laki tano?"

"Na zaidi, baba."

"Na shamba liko wapi?"

Nikamwambia mchezo hauna mashamba. Akavua miwani. "Sasa wanakula nini?"

Nimeutafuta msimbo wote, hakuna. Chakula hakimo, na urithi haumo. Ile asilimia 2 ya watoto inazaliwa kila zamu na kuongezwa kwenye jumla, haihitaji kugawiwa chochote. Sigowet ni asilimia 2 hiyo. Hatukuja kufuata kazi, tumezaliwa hapa, na ekari alizopewa babu zimekatwa mara mbili tayari.

Ijumaa ya wiki ya mwisho mpima ardhi alikuja akapanda vigingi. Ni ekari tatu, na tuko watoto watano, dada zangu wawili wakihesabiwa sawa na sisi, jambo lililochukua vikao vinne. Kipande changu ni kile cha chini kando ya kijito, chenye mistari kumi na tisa ya chai ambayo babu aliipanda mwenyewe. Baba anataka nijenge kabla ya Krismasi ijayo, maana siku hizi naweza kufanya kazi yangu kutoka popote palipo na intaneti, na mnara uko pale juu ya kilima. Tumepima kwa kamba. Nyumba ya vyumba viwili, hata ndogo kabisa, inataka mistari minne ing'olewe, na bonasi ya mistari hiyo ndiyo imekuwa ikimlipia kogo dawa.

Nilimwambia baba nitampa jibu nikija Desemba. Jumapili nilirudi Nairobi.